Wasomaji wa Puliza

Bhumika hakuwa na ugomvi na muziki. Alichotaka ni jina la mtu mmoja.

Alisimama nyuma ya kaunta ya duka lake la uchapaji pale Manundu, mjini Korogwe, na fundi Deogratius alikuwa amemwekea mbele yake kurasa za toleo jipya la jarida lake. Jarida liliitwa Puliza. Lilihusu tarumbeta, basi: namna ya kuvuta pumzi kutoka tumboni, namna ya kutunza midomo wakati wa baridi, shamba gani la mkonge liliwahi kuwa na bendi yenye besi nzuri kuliko zote na ni nani aliyezipuliza. Bhumika alilichapa tangu lilipoanza. Mwanzoni alifanya hivyo kwa kuwa Deogratius ndiye aliyekuwa akimtengenezea baba yake redio, baadaye kwa mazoea tu. Sasa matoleo ya nyuma yalijaza rafu nzima, yamefungwa kwa kamba vilevile kama yalivyotoka mashineni.

"Fundi, hili unamwandikia nani?"

Deogratius alisema anawaandikia wapenzi wa muziki.

"Hao si watu," Bhumika akamwambia. "Mtu ana jina, ana kwao. Ananunua leo, halafu anarudi kuniuliza lingine linatoka lini. Nitajie mmoja wa namna hiyo."

Hakuweza. Bhumika, mzaliwa wa Korogwe ambaye hutaniana na wateja wa milimani kwa Kishambaa chao, hakumcheka. Alimwambia atachapa toleo moja tena, lakini kwanza aletewe msomaji. Asipopatikana, hizi kurasa fundi azirudishe nyumbani.

Lingekuwa jambo dogo kama si Mzee Yordani. Huyu alikuwa kiongozi wa bendi katika shamba moja la mkonge nje ya Magoma, enzi ambazo shamba lilikuwa na bendi, zahanati na timu ya mpira. Ndiye aliyemfundisha Deogratius kupuliza, na kila mtu mwingine wa rika lake aliyewahi kupuliza katika bonde lile. Sasa alikuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa imevimba, na daktari alikwisha kuwaambia nduguze waache kuhangaika na safari za hospitali. Makaburi ya kambi ya wakata mkonge walikolala baba yake na wenzake waliotoka Ubena yalikuwa yamelimwa na kupandwa mkonge mpya, na mzee alilijua hilo vizuri, kwa sababu shamba linaonekana kutoka mlangoni kwake. Alimwomba Deogratius kitu kimoja: maisha yake yaandikwe kwenye jarida, yachapwe, asomewe akiwa hai, na yasomwe na watu asiowajua. Deogratius aliahidi. Toleo lililokuwa juu ya kaunta ya Bhumika ndilo lililokuwa na maisha hayo, kurasa nne.

Wahariri wa majarida madogo hufanana, wawe wa Bujumbura au wa Goa: humpenda msomaji kuliko wanavyomjua. Deogratius alitoka dukani akiwa na hakika kwamba msomaji yupo karibu, amejificha kwa haya tu.

Alianza kwa wapulizaji wenyewe. Sadala, mwenye bendi inayotafutwa kuliko zote kati ya Korogwe na Handeni, alikuwa Mzigua, na Deogratius babu yake alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na mtani halazimiki kuwa na huruma. Alimkuta akiosha tarumbeta kwenye beseni uani.

"Mtumwa wangu, umekuja na makaratasi tena? Babu yako aliletwa hapa na lori akate mkonge, hakuletwa kuandika."

"Na babu yako lori lilipopita alijificha kichakani," Deogratius akajibu, "mpaka leo mnanuka majani."

Wakacheka, kisha Deogratius akauliza swali lake. Sadala alimwambia waziwazi kwamba katika bendi yake hakuna anayesoma Puliza. Nakala anazowapelekea huzipokea kwa adabu na kuziacha kwenye gari. Mtu anayejua kupuliza haoni sababu ya kusoma namna ya kupuliza, na asiyejua hataki kujulikana kuwa hajui. Kitu pekee alichowahi kukiangalia mle, alisema, ni ukurasa wa mwisho wenye orodha ya bendi na namba za simu, ili aone kama jina lake limetangulia.

Kanisani hakupata jingine. Mwalimu wa kwaya, Ernesti, alimweleza kwa upole unaouma zaidi ya matusi kwamba vijana wa siku hizi wanataka kinanda, na kwamba yeye huchukua jarida kila mara kwa sababu hajui namna ya kumkatalia mtu anayekuja na uso kama ule. Mwalimu wa shule alisema angelitumia kama lingekuwa na maswali ya mtihani. Wazee wawili waliowahi kupuliza pamoja na Yordani waliuliza kama humo wameandikwa wao. Walipoambiwa bado, walirudisha.

Msomaji alikuja mwenyewe. Mwanamke wa makamo aliingia dukani kwa Bhumika akitokea Chanika, Handeni, na kuuliza kama lile gazeti la matarumbeta lenye orodha ya bendi bado lipo. Bhumika alishusha kifurushi kutoka rafuni, akakata kamba, na kabla ya kumpa akampigia simu fundi. Akamwambia aje mbio, maana mtu wake yuko hapa na anataka nakala zote zilizo kwenye kifurushi.

Aliitwa Mama Mbaruku, na biashara yake ilikuwa vitenge. Deogratius alimwamkia, akamvutia kiti, akamuuliza ni makala ipi iliyomgusa.

"Mwanangu, haya ya kupumua sijui mnamwandikia nani," alisema. "Mimi ninasoma nyuma. Kukiwa na kusuta, ninauza sare. Bila bendi ya maana kusuta hakunogi, na sare haziendi."

Kusuta hakuhitaji kuelezwa kwa mtu wa Tanga. Mtu amekusema vibaya, amekuvunjia ndoa, amekuzulia jambo. Unawakusanya wenzio, mnashona nguo za aina moja, mnakodi matarumbeta, mnakwenda mlangoni kwake mchana kweupe na kumwambia yote mbele ya majirani. Deogratius aliwahi kupuliza katika shughuli za namna hiyo alipokuwa kijana na alizihesabu kama kazi za njaa. Hakuwahi kuziandikia hata mstari.

Mama Mbaruku alikuwa na maswali ambayo jarida halikuwahi kuyajibu. Bendi ipi ina sauti ya kufika mtaa wa pili? Ipi hailewi kabla ya kazi? Ipi hukimbia mwenyekiti wa mtaa akija? Na zaidi ya yote alitaka kusoma jinsi shughuli zilivyokwenda, nani aliingia vipi, mlango ulifunguliwa au haukufunguliwa. Bhumika alimuuliza kwa nini asitazame kwenye simu, maana video hizo zipo kila siku.

"Stetasi inakufa kesho asubuhi," Mama Mbaruku alisema. "Karatasi ninaiweka chini ya godoro. Tuliyemsuta akinianza tena, ninamtolea."

Alipoondoka na kifurushi chake, Bhumika alimwambia fundi kwamba sasa ana jina, ana kwao, na amesema atarudi. Akamshauri toleo lijalo aweke kusuta mbele na pumzi nyuma. Maisha ya Mzee Yordani yangengoja kidogo, mpaka jarida lipate miguu.

Kwa hiyo Deogratius alikwenda Sindeni. Kulikuwa na binti fundi cherehani aliyesemekana kueneza maneno kuhusu ndoa ya jirani yake, na bendi ilikuwa ya Sadala. Wanawake walikuja na vitenge vya rangi ya chungwa kwa njia iliyopita katikati ya mahindi, tarumbeta zikitangulia. Binti alikuwa amejifungia. Walimwita majina yote, wakazifagia nyayo zake uani kama unavyofagia uchafu, wakaanua nguo zake kwenye kamba, wakazitandika chini na kuzichezea. Mama yake alitoka kwa mlango wa nyuma, akapiga magoti, akawaomba wamwache. Mpiga ngoma kubwa alimsogelea na kuipigia usoni pake mpaka mama akaziba masikio.

Yote haya Deogratius aliyaandika, na aliyaandika vizuri mno. Alisema tarumbeta ya kwanza iliingia chini kidogo lakini ikajirekebisha ilipofika mlangoni. Alisema ngoma kubwa ilijua pa kusimama. Kuhusu mama aliyepiga magoti alisema kwamba alipoziba masikio ndipo bendi ilipoelewana. Alijua kuandika ukatili kwa sababu alidhani anaandika muziki. Jina la binti halikutajwa, kwa shauri la Bhumika. Ulitajwa mtaa, na kazi yake, na rangi ya mlango wake.

Toleo lile liliisha. Lilitakiwa Sindeni kwanza, kisha Chanika, kisha Kang'ata, na kwenye vibanda vya stendi ya Korogwe watu walikuwa wakiliulizia kwa kunong'ona kama dawa. Bhumika alichapa tena. Alipofuatilia linakokwenda, aligundua jambo ambalo alimweleza fundi kwa uwazi wake wa kawaida: wanunuzi hawakuwa waliosuta, maana hao walikuwepo na walijionea. Hawakuwa pia wapenda tarumbeta. Walikuwa majirani wa aliyesutwa, watu wanaoteka naye maji na kumwazima moto, ambao siku ile walichungulia kwa haya na sasa walitaka kuangalia kwa nafasi. Jirani ndiye msomaji. Na kila mtu duniani, Bhumika alisema, ana jirani.

Habari zilikuja baadaye kwamba binti wa Sindeni amefunga kibanda chake na kuhamia Tanga, na kwamba mama yake haendi tena kisimani isipokuwa jua kali, wengine wakiwa majumbani. Deogratius alisikiliza, kisha akauliza kama kuna kitu alichokiandika ambacho hakikuwa kweli. Aliambiwa hakuna. Akaridhika.

Wakati huo Mzee Yordani alikuwa haamki kitandani bila kushikwa. Pendo, mke wa mpwa wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimpikia na kumwogesha, alimpigia fundi simu na kumwambia kwamba mzee anaulizia kurasa zake kila akiona mtu ameshika karatasi. Deogratius alikwenda kwa Bhumika na zile kurasa nne. Bhumika alizisoma zote palepale huku mashine ikinguruma nyuma yake.

"Nzuri," alisema. "Kama risala ya kumuaga mstaafu."

"Ni maisha ya mtu, dada Bhumika."

"Wasomaji wako umeshawajua, fundi. Wakifungua ukurasa wanauliza swali moja tu: alimfanyia nini nani? Hapa hakuna kitu. Mzee huyu ameishi miaka yote hiyo hajamkosea mtu hata mmoja?"

Deogratius alinyamaza, na Bhumika, ambaye amekaa dukani tangu akiwa msichana na anajua mteja aliyenyamaza ana kitu mfukoni, alimngoja.

Kitu kilikuwepo, na wapulizaji wote wa zamani walikijua. Wakati bendi ya shamba ikiwa na jina, Yordani alikuwa na mke kambini, na alikuwa pia na mwanamke wa Kang'ata aliyekuja kufanya vibarua vya kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Mwanamke akazaa mtoto wa kike, akamwita Ritha. Yordani alimkataa mtoto. Siku moja mwanamke alikuja bandani wakati bendi ikifanya mazoezi, mtoto akiwa mgongoni, akasimama mbele ya wote na kuanza kusema. Yordani hakumjibu. Aliinua mkono, bendi ikapuliza. Kila alipofungua kinywa, mkono uliinuka. Alisema na kusema, kinywa kikionekana na sauti haisikiki, mpaka akachoka, akamfunga mtoto vizuri na kuondoka, na wapulizaji wakacheka hata wakashindwa kumalizia wimbo. Deogratius alikuwa miongoni mwao, ndiyo kwanza ameanza kushika tarumbeta ya pili.

"Hiyo," Bhumika akasema. "Mzee anajua kwamba unaiandika?"

"Anajua."

Bhumika akachukua kurasa, akamsogezea pamoja na kalamu.

Habari yenyewe ilichukua sentensi tatu, katikati ya ukurasa wa tatu, baina ya safari ya bendi kwenda Moshi na kifo cha mke wa mzee. Hapo majina hayakuweza kufichwa, kwa sababu jina la mzee ndilo lililokuwa kichwa cha makala, na bila la mtoto sentensi hazikuwa na meno. Bhumika aliongeza jambo moja kwenye jalada: chini ya picha ya Yordani akiwa kijana mwenye mikanda myeupe kifuani, aliandika kwa herufi nene, "Na mtoto aliyemzima kwa tarumbeta."

Deogratius alipopeleka nakala Magoma alilikunja jalada kwa nyuma. Mzee Yordani alikuwa haoni vizuri, na miaka ya kusimama mbele ya besi na ngoma kubwa ilikuwa imemwachia sikio moja tu, la kushoto, nalo hadi usogee karibu na kusema polepole. Deogratius alikaa upande huo, akamsomea kurasa zote nne, akiziruka sentensi tatu bila kukatiza pumzi, kama alivyofundishwa na mzee mwenyewe. Mzee alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Mwisho aliuliza kama limefika mbali.

"Mpaka Handeni, mwalimu. Mpaka Kang'ata."

Mzee hakusema kitu kuhusu Kang'ata. Alisema tu kwamba angependa kuwaona watu waliosoma.

Ritha alikuwa Kang'ata. Hilo Deogratius hakulijua. Alidhani mama na mtoto walikwishapotea, kama watu wanavyopotea kwenye habari za zamani. Ritha sasa alikuwa mama mtu mzima, analima mahindi na kunde, anaheshimika katika kikundi chake cha kuweka na kukopa. Mama yake alikwisha kufa, na alikufa akimwambia kwamba baba yake alifia mbali kabla hajazaliwa. Jarida lilisomwa kwa sauti kwenye kikao cha kikundi, na msomaji alishafika kwenye jina kabla hajajua anachosoma. Wengine walimpa pole. Wengine walitoka nje, na kicheko chao kikasikika ndani. Ritha aliomba arudiwe kusomewa pale ambapo mama yake anasema na hasikiki.

Wenzake ndio waliosema hili halipiti hivihivi. Mama Mbaruku alifika Kang'ata na marobota ya kitenge cha zambarau. Kosta, basi dogo la abiria, ikakodiwa. Na bendi, kwa kuwa walitaka iliyo bora na orodha ilisema ipi ni bora, ikawa ya Sadala.

Sadala alimpigia fundi simu.

"Mtumwa wangu, kesho nina kazi Magoma. Mlango unaujua."

Deogratius alielewa mara moja. Alimkumbusha kwamba Mzee Yordani alimfundisha na yeye pia.

"Ndiyo maana nitapuliza vizuri," Sadala akasema. "Nimekuambia kwa utani wetu. Ukitaka kumhamisha, mhamishe. Ukitaka kuja kuandika, njoo."

Asubuhi Deogratius alipanda bodaboda mpaka Magoma. Walipofika kambini, dereva aliuliza kama asubiri. Kulikuwa na nafasi ya kumweka mzee katikati yao na kumpeleka kwa jamaa upande wa pili wa bonde, na Pendo angesaidia kumbeba. Deogratius alisimama akiutazama ule mlango. Kumhamisha mzee kulitaka kumwambia sababu, na sababu ilikuwa zile sentensi tatu. Akamwambia dereva aende.

Ndani aliinama kwenye sikio la kushoto.

"Mwalimu, leo unapata wageni. Watu waliosoma."

Mzee alifumbua macho. Aliuliza kama ni kweli, kisha akamwita Pendo, akataka shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi. Pendo hakuambiwa kitu. Alifurahi kwa furaha ya mzee, akampaka mafuta usoni. Vidole vya mzee vilishindwa na vifungo, hivyo Deogratius alimfunga mwenyewe, kimoja kimoja mpaka shingoni. Walimkalisha kwenye kiti karibu na mlango, mlango wazi.

Kosta ilisimama barabarani, na zambarau ikamwagika kutoka ndani yake. Bendi ilipanga mistari, ikaanza kwa mwendo wa harusi, kama inavyoanza siku zote, maana nyimbo za kusuta ni zilezile za harusi, yanayobadilika ni maneno. Mzee hakuyasikia maneno. Alisikia, au alihisi kwenye mbavu, besi na ngoma kubwa, na tarumbeta juu yake kama kitu cha mbali kinachorudi. Alishika fremu ya mlango akasimama. Pendo, ambaye alikuwa akiyasikia maneno yote, alimshika kiuno na kuanza kulia, na mzee akadhani analia kwa sababu moja na yeye.

Wanawake walimwita mzinzi. Walimwita baba wa mawe. Walimuuliza kwa kuimba huyo mtoto alimmezea wapi. Majirani walijaa. Mzee Yordani alisimama kizingitini na shati lake jeupe, akitabasamu kwa kila upande, na mkono wake wa kulia ukaanza kwenda juu na chini, taratibu, ukipima mwendo. Wapulizaji walimwona. Watatu kati yao walijifunza chini ya mkono ule, na Sadala wa kwanza. Bila mtu kuamua, bendi ikaanza kumfuata, na ikawa nzuri zaidi, na kadiri ilivyokuwa nzuri ndivyo matusi yalivyokaa vizuri zaidi juu yake. Mama Mbaruku alicheka mpaka akashika magoti.

Ritha hakucheka. Alitoka mstarini. Aliona kwamba mzee hasikii, na hakuwa amekuja kutoka Kang'ata ili asisikiwe. Alipanda kwenye kizingiti, akamsukuma Pendo pembeni, akaweka mdomo karibu na sikio, na kwa bahati sikio lilikuwa la kushoto. Sadala alipoona hivyo aliishusha bendi chini, kwa heshima ya kazi, ili mwenye shughuli aseme.

"Mimi ni Ritha. Mama yangu ni yule uliyempulizia."

Deogratius, aliyekuwa hatua chache kutoka hapo akiwa na simu yake tayari kwa picha, aliona kwamba mzee amesikia. Tabasamu liliondoka. Macho yake mabovu yaliutafuta uso wa mwanamke yule, yakaupata, yakakaa. Akawatazama majirani, akayatazama yale mavazi ya aina moja, na Deogratius aliona anaelewa wageni wake ni wageni gani. Mwisho alimtazama Deogratius.

Ritha alifungua kinywa aendelee. Alikuwa na mengi. Alikuwa ameyapanga njia nzima ndani ya Kosta.

Mzee Yordani aliinua mkono.

Aliuinua kwa namna ile ya bandani, kiganja juu, ghafla, na wapulizaji hawakufikiri. Mwili ulifikiri kwa niaba yao. Tarumbeta zote ziliingia kwa pamoja, kwa nguvu zote, na ngoma kubwa chini yake. Ritha alisema. Kinywa kilionekana, mishipa ya shingo ilionekana, mate yalionekana, na hakuna aliyesikia neno. Kila alipovuta pumzi ili aanze upya, mkono ulipanda. Sadala alijua anachofanya wakati alipokwisha kukifanya, naye hakuacha, kwa sababu kwa maisha yake yote hakuwahi kupuliza vizuri namna ile. Majirani walianza kucheka, kwanza wa Magoma, halafu, pale nyuma, baadhi ya wale wenye zambarau.

Ritha aliposhuka kizingitini mkono wa mzee nao ulishuka. Kosta ilipoondoka mzee alikuwa amekwisha kukalishwa, akihema, vifungo vya shingoni vimefunguliwa. Deogratius alisogea upande wa kushoto. Mzee akamuuliza.

"Hao ndio wasomaji wako?"

"Ndio, mwalimu."

"Andika kwamba waliingia kwa pamoja."

Aliandika hivyo. Aliandika pia kwamba ilikuwa shughuli ya kwanza katika historia ya bonde lile ambapo aliyekwenda kusutwa aliiongoza bendi, na hilo lilikuwa kweli. Picha alizopiga zilikuwa nyingi, na Bhumika alichagua moja kwa jalada: si ya mzee, ambaye alikufa kabla mashine haijawashwa na ambaye sasa, Bhumika alisema, hawezi kuuza jarida. Alichagua ya Ritha akiwa kizingitini, kinywa wazi.

Fundi alimuuliza nakala ziende wapi kwanza, ingawa alikwisha kujua. Zilikwenda Kang'ata. Ziliisha siku ya gulio, sokoni, hatua chache tu kutoka pale Ritha anapouzia kunde, na walionunua wengi walikuwa bado wamevaa zambarau, kwa maana kitenge kilikuwa kizuri na hakuna aliyetaka kukitupa.